Barua pepe ya deni la kodi: anza na anwani

Salaam aleikum, ndugu yangu wa Bagamoyo. Umeuliza kama barua pepe inayodai kuwa nyumba yako ya wageni ina deni la kodi, na kukutaka ubofye kiungo ndani ya saa 24, ni ya kweli. Usibofye. Gusa jina la mtumaji ili anwani kamili ionekane, kisha shikilia kidole juu ya kiungo mpaka anwani yake ijitokeze, uisome kwa kuanzia mwisho wa jina la tovuti: za serikali huishia na go.tz, lakini matapeli huipachika go.tz katikati na kumalizia na jina lao lenye .com.

Mimi nina duka la vifaa vya ofisi Ngamiani, Tanga, na nilinaswa na ujumbe uliodai kuwa sanduku langu la barua pepe limejaa. Niliandika nywila, ukurasa ukaniambia nimekosea, nikairudia. Nikawa nimewakabidhi matapeli nywila hiyo mara mbili. Niliibadilisha jioni ile ile, lakini barua za wateja ziliendelea kuwafikia, kwa kuwa walikwisha kuweka kwenye mipangilio agizo la kuzielekeza kwao.

Hukueleza kama uliandika nywila. Ikiwa uliandika, ibadilishe, ondoa kwenye akaunti simu na kompyuta zote usizozitambua, washa uthibitisho wa hatua mbili (unaodai kithibitisho cha pili baada ya nywila), na ukague agizo kama hilo. Kuhusu deni, nenda ofisi ya kodi na namba yako ya mlipakodi. Kama lipo, watakuonyesha.