Re: Mafunjo ya ziwani yang'olewe au yaachwe?
Mkuu umeuliza kama mafunjo ya Ziwa Victoria yang'olewe pamoja na gugu maji kwa kuwa yote ni magugu tu. Hapana aisee, usiyaguse! Gugu maji limeletwa, asili yake Amerika Kusini, ila mafunjo ni ya kwetu toka enzi na enzi. Kata shina uangalie, lina pembe tatu na ndani ni sponji jeupe, linafika hata mita 4, na mizizi yake inasukana mpaka inaelea juu ya maji, hapo ndo tope na mbolea za mashambani zinanaswa kabla hazijaingia ziwani, na humo humo samaki aina ya kamongo wanajificha, hata nzohe, yule swala mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope. Kukata kidogo ya kusukia mikeka sawa, yanachipua, ila ukikausha eneo ukalima ndo basi tena.