Apu ya kuchati isiyomng'ang'ania mtu: anzeni na yule anayesubiri jibu

Mkuu umeuliza, wewe na wenzako wawili mnaanza kutengeneza apu ya kuchati na hamtaki iwe ya kuwala watu muda na usingizi, sasa muanzie wapi. Mimi nimekaa kwenye hii kazi miaka sita, nilikuwa naprogramu upande wa arifa, yaani ule mlio na kile kinamba chekundu mimi ndo nilikuwa navituma, kwahiyo nakuambia nilichokiona kwa macho.

Kwanza kabisa angalieni mnapima nini. Pale nilipokuwa kila Jumatatu tulifungua namba moja tu, mtu kafungua apu mara ngapi kwa siku. Hakuna aliyekaa kikaoni akasema jamani tuwasumbue watu, wote walikuwa watu wema tu, ila ukishakuwa na namba hiyo kila wazo linalopita ni la kumrudisha mtu tena na tena. Tukaweka kinamba chekundu hata mtu akibadilisha picha yake, namba ikapanda, tukapongezana. Iliniuma baadae sana.

Kilichonifungua macho ni mama mmoja. Tulikuwa tunaita watumiaji tunakaa nao pembeni kuangalia wanavyotumia, huyu akamwandikia mwanae, tiki mbili zikatokea, zikageuka rangi, juu ikaja "anaandika...", ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Hakusema kitu. Kidole gumba kikawa kinavuta orodha chini kinaachia, kinavuta kinaachia, na wakati meseji inaingia yenyewe hata usipovuta, ile kuvuta haifanyi chochote. Dakika kama nne hivi. Jibu likaja "sawa mama", akanigeukia akaniuliza, "mwanangu, kwani kakasirika?"

Ndo nikaelewa kwamba sisi wote tunamwangalia anayepokea tu, anapigiwa milio, anasumbuliwa, ni kweli, lakini anayeganda kwenye simu ni yule aliyetuma. Tumempa tiki, tumempa "yupo mtandaoni", tumempa "anaandika", vyote vinamwambia jibu liko karibu, subiri. Na anayepokea akijua kaonekana kasoma anajibu mbiombio hata kama yuko katikati ya kazi, mnyororo unaendelea. WhatsApp walileta tiki za bluu Novemba 2014 na haikuchukua muda wakaweka sehemu ya kuzima, ila ukizima za kwako na wewe huoni za wenzako, na wengi hawagusi kabisa setingi, wanabaki na ilivyokuja. Kwahiyo zenu zije zimezimwa, mtu mwenyewe awashe kwa anayemtaka.

Baada ya kuondoka pale mimi na mwenzangu tulitengeneza ndogo ya timu ya watu kama 60. Meseji za kawaida zinafika kwa mafungu mara tatu kwa siku, mtu anachagua saa zake. Hatukubuni sisi hilo, kuna utafiti ulitoka 2019, watu walifuatiliwa wiki mbili, waliopata arifa kwa mafungu matatu kwa siku walitulia zaidi na kazi zikaenda, ila waliozimiwa zote wakapata wasiwasi wa kupitwa, kwahiyo msije mkakimbilia kuzima kila kitu. Ila kilichosaidia zaidi kwetu ni kamstari kadogo chini ya meseji kanakomwambia mtumaji "ataipata saa saba mchana". Basi. Mtu anaweka simu chini, maana sasa anajua.

Kitufe cha haraka, cha meseji isiyoweza kusubiri fungu, lazima kiwepo. Wiki ya kwanza kila mtu alibonyeza haraka kwa kila kitu, tukaweka kwamba ukibonyeza inakuonyesha kwanza kwamba fulani kajifungia kimya mpaka saa ngapi, halafu ndo inakuuliza umwamshe? Wengi waliishia hapo hapo wakarudi nyuma.

Vifaa msihangaike, vipo. Android tangu toleo la 8 la 2017 inakuruhusu kugawa arifa makundi, mtu azime moja abaki na nyingine, na iOS 15 ya 2021, mfumo wa iPhone, ina ngazi nne za arifa kuanzia ile inayoingia kimya kimya bila kuwasha skrini. Huduma ya Google ya kusukuma meseji nayo ina ngazi mbili, ya kawaida na ya juu. Kule kazini kwa zamani tulikuwa tunatuma kila kitu kwa ya juu, ile inayoamsha simu hapo hapo, mpaka stika.

Mambo ya kuhesabu siku mfululizo watu walizochati achaneni nayo kabisa, hayo yanamfanya mtoto aogope kulala.

Na kipimo sisi tulibadilisha, tukawa tunahesabu maswali yaliyopata jibu siku hiyo hiyo. Mkitaka kujua foleni ya mafungu tuliipangaje upande wa seva uliza hapa hapa, ile ndo ilitupa shida hasa kwa mtu anayebadilisha saa zake katikati ya siku.