Shangazi, ubongo wangu umepungukiwa na bangi yake?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34. Mwaka juzi basi nililopanda lilipinduka usiku, na abiria niliyekaa naye kiti kimoja akafa palepale. Tangu hapo sipandi basi, na saa tisa usiku naamka nikipiga kelele. Rafiki alinipa bangi, ndipo nikaanza kulala. Mke wangu amegundua, amekasirika. Nimesoma kwamba ubongo hutengeneza bangi yake wenyewe na sisi wenye kiwewe tumepungukiwa nayo. Si najitibu tu? Nikikosa siku mbili, jinamizi linarudi kwa kishindo.*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa yaliyokukuta.

Ulichosoma si uzushi. Mwaka 1992, kundi la watafiti la Raphael Mechoulam huko Jerusalem lilipata kwenye ubongo wa nguruwe kemikali inayokaa kwenye vipokezi vilevile ambavyo THC, kile kiini cha bangi kinacholewesha, hukalia. Wakaiita anandamaidi. Baadaye ikapatikana ya pili, 2-AG. Pamoja na vipokezi vyake, huo ndio mfumo wa endokanabinoidi, na wewe na mimi tunao hata kama hatujawahi kuvuta.

Kazi yake inanivutia. Kwa kawaida chembe moja ya ubongo hutuma ujumbe, nyingine hupokea. Kemikali hizi hurudi kinyume: chembe inayopokea ikizidiwa, humwambia mtumaji, "Basi, imetosha." Mwaka 2002 watafiti walichukua panya wasio na kipokezi kiitwacho CB1, kile ambacho kemikali hizi na THC hukikalia kwenye ubongo, wakawazoesha mlio unaoambatana na shoti ya umeme. Kisha wakaupiga mlio huo tena na tena bila shoti. Panya wa kawaida taratibu waliacha kuuogopa. Wale wasio na CB1 waliendelea kuganda kwa hofu. Mwanangu, hao panya ni wewe na honi ya basi. Inalia, hakuna kinachotokea, mwili hausadiki.

Hata kwa binadamu kuna dalili. Kati ya watu waliopitia shambulio la World Trade Center la 2001, walioishia na ugonjwa wa kiwewe walikutwa na 2-AG pungufu katika damu kuliko walionusurika bila kuugua. Vipimo vya namna hii havilingani kila mahali, kwa hiyo usijipe cheti cha upungufu.

Ila kutoka hapo hadi "najitibu" umeruka mtaro mpana. Ubongo hutoa anandamaidi kidogo, pale inapohitajika, kisha kimeng'enya kiitwacho FAAH huivunja haraka. Moshi hausubiri kuitwa. Unafika kila kona na kukaa kwa saa nyingi, na mtu akivuta kila siku, vipokezi vya CB1 vyenyewe hupungua. Mche unataka maji, lakini hakuna anayeumwagilia kwa mafuriko. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2021 liliwapa wanajeshi wastaafu 80 wenye kiwewe aina tatu za bangi au bangi iliyoondolewa nguvu. Wote walipata nafuu kiasi, na waliopewa ile ya bandia hawakuachwa nyuma kwa tofauti ya maana.

Sasa hizo siku mbili zako. THC hupunguza ile hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi. Ukiiacha ghafla, ndoto zilizozuiwa hurudi kwa wingi, na kali. Sehemu ya unachokiona ni arosto, wala si ushahidi kwamba huwezi kuishi bila msokoto. Mara nyingi wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, kisha hupungua, ingawa usingizi huchelewa kutulia. Usiache peke yako kwa siku moja kwa hasira za nyumbani. Punguza ukiwa na daktari, na mwambie kiasi chote unachovuta bila kupunguza hesabu.

Tiba yenyewe ipo. Mwanasaikolojia aliyefunzwa kutibu kiwewe atakusimulisha usiku ule kwa sauti, mara nyingi, ukiwa salama. Kisha mtashughulika na basi: kulisimamia karibu likiwa limezimwa, kukaa ndani dakika chache, injini iwashwe, mwishowe kituo kimoja. Hofu itapanda, utakaa nayo mpaka ishuke yenyewe. Hilo ndilo somo panya wale walilolikosa, na hulipati ukiwa umelewa. Ipo pia EMDR, tiba ya kukumbuka tukio huku macho yakifuata kitu kinachokwenda huku na huku, na dawa kama setralini ambazo daktari anaweza kukuandikia. Watafiti wanajaribu vidonge vya kuzuia FAAH ili anandamaidi ya mtu mwenyewe idumu. Katika jaribio la 2020, watu wazima wenye afya waliovimeza walikumbuka vizuri zaidi kwamba hatari imekwisha. Lakini somo lenyewe ilibidi wafundishwe. Kidonge hakikufundisha.

Ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na mke wako? Nadhani kinachomuuma ni kufichwa kuliko harufu. Mweleze kuhusu yule abiria, jambo ambalo naona hata mimi umenipa kwa sentensi moja tu. Akikuuliza mbona hukumwambia mapema, tafadhali usimjibu kwa habari za vipokezi.