Usifute kufuli: kusakinisha programu kwenye Ubuntu bila kuiharibu

Juzi msomaji mmoja amenitumia picha ya skrini na sentensi moja chini yake: "Kaka, nimefuta kufuli kama walivyoelekeza, sasa hakuna programu inayokubali kuingia." Alichotaka ni VLC tu, programu ya kuchezea video. Ujumbe wa aina hii huja mara kwa mara, na kila mara aliyeharibu si Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux. Ni amri iliyonakiliwa kabla mtu hajasoma mstari uliokuwa mbele ya macho yake. Mstari wenyewe huu hapa:

Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 2314 (unattended-upgr)

Kufuli ni faili linalozuia wawili wasisakinishe kwa wakati mmoja, na mashine inakutajia hadi jina la aliyelishika. Ni unattended-upgrades, jina limekatwa kwa sababu Linux huonyesha herufi 15 tu za jina la mchakato. Kazi yake ni kuweka masasisho ya usalama. Imepangwa karibu saa 12 asubuhi, na kama kompyuta ilikuwa imezimwa, huanza muda mfupi baada ya kuwashwa. Ndiyo maana anayewasha laptopu na kukimbilia apt (amri ya kusakinisha programu) papo hapo hukutana nayo. Subiri. Kwa intaneti ya taratibu inaweza kuchukua nusu saa, hilo si tatizo.

Ukifuta faili la kufuli, mchakato 2314 hausimami. Unachofanya ni kuruhusu wawili waandike kwenye daftari moja la dpkg (chombo kinachofanya usakinishaji chini ya apt) kwa wakati mmoja. Kuua mchakato kwa nguvu nako huacha vifurushi vimefunguliwa nusunusu, sawa na umeme kukatika katikati ya kazi. Kama yameshatokea, anza na df -h / /boot uone kama diski haijajaa. /boot ikijaa kerneli (viini vya mfumo) za zamani, hakuna amri ya ukarabati itakayofika mwisho. Nafasi ikiwepo:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza humalizia usanidi ulioachwa njiani, ya pili huleta vifurushi vinavyokosekana. Zifuate kwa mpangilio huo. Kwa wengi, msomaji wangu akiwemo, hizo mbili zinatosha.

Lakini kufuli ni dogo. Kero kubwa ni kwamba kwenye Ubuntu programu moja ina njia nyingi za kuingia, na njia hizo hazijuani. Kuna apt yenye vifurushi vya deb, kuna snap inayofungia kila programu na vitu vyake, kuna Flatpak inayofanana nayo ukiiongeza mwenyewe, kuna AppImage (programu nzima ndani ya faili moja), na wanaoandika programu kwa Python wana pip. Chukua Firefox. Tangu Ubuntu 22.04 ukiandika sudo apt install firefox, apt inapokea amri kwa adabu kisha inakuletea snap. Hakikisha mwenyewe:

apt policy firefox

Ukiona toleo linaloanza na 1:1snap1, hicho si kivinjari, ni bahasha tupu inayoiita snap.

Snap yenyewe si dhambi. Ila imefungiwa: haisomi folda zilizofichwa ndani ya folda yako ya nyumbani (home), na flashi huenda isiione mpaka uiruhusu kwa sudo snap connect JINA:removable-media. Mtu anahangaika saa nzima akidhani flashi imekufa.

Anayetaka Firefox ya deb, Mozilla wanaoitengeneza wana hazina (repository) yao ya apt tangu mwanzoni mwa 2024, na ufunguo na mstari wa hazina wameuelekeza vizuri. Watu hukwama baada ya hapo: wanaongeza hazina, wanasakinisha, inarudi snap ileile, wanatukana. Sababu iko kwenye ile 1 iliyo kabla ya nukta pacha katika 1:1snap1. Kwa dpkg, tarakimu hiyo huhesabiwa kwanza kuliko chochote kinachofuata, na toleo la Mozilla halina, yaani lake ni sifuri. Kwa hiyo bahasha tupu inaonekana mpya kuliko Firefox ya kweli, hata toleo la Mozilla likiwa la jana. Dawa ni kuandika mistari hii mitatu kwenye faili /etc/apt/preferences.d/mozilla:

Package: *
Pin: origin packages.mozilla.org
Pin-Priority: 1000

Namba 1000 ina maana yake. Kuanzia hapo apt inakubali hata kushuka toleo; ukiandika 900 haishuki. Kisha nakili folda ~/snap/firefox/common/.mozilla mahali salama (alamisho, yaani bookmarks, na nywila zako zimo humo), toa ya zamani kwa sudo snap remove firefox, ndipo uendeshe sudo apt update na sudo apt install firefox. Wanaoanza kwa kufuta ndio wanaoniandikia usiku wakiulizia alamisho zao.

Kwa wanaoishi kwa bando: snap hukagua masasisho mara 4 kwa siku na kuyashusha bila kuuliza. Iambie mashine kwamba mtandao wa simu yako unalipiwa kwa kipimo, kisha uizuie snap:

nmcli connection modify "JINA LA MTANDAO" connection.metered yes
sudo snap set system refresh.metered=hold

Ukifika kwenye Wi-Fi ya bure, sudo snap refresh kwa mkono wako.

AppImage ikikataa kufunguka kwenye 22.04, sakinisha libfuse2 (kwenye 24.04 jina ni libfuse2t64). Usiandike fuse peke yake, kwani huiondoa fuse3 na inaweza kuondoka na sehemu za mazingira ya eneokazi (desktop). Na pip ikikwambia externally-managed-environment, usiilazimishe. Tengeneza mazingira yako ya pembeni kwa python3 -m venv, maana Python ya mfumo hutumiwa na zana za Ubuntu yenyewe.

Sasa lile ninalolisema hadi nimechoka: kabla ya kubonyeza Y ya kukubali, soma orodha ya vitakavyoondolewa, iliyo chini ya maneno will be REMOVED (au REMOVING kwenye matoleo mapya). Katika video ya Novemba 2021 Linus Sebastian, mwanayoutube anayeishi kwa kompyuta, alisakinisha Steam (programu ya michezo) kwenye Pop!_OS, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu, mbele ya kamera. Apt ilimwonya kwamba itaondoa vifurushi vya lazima, ikamtaka aandike sentensi nzima, "Yes, do as I say!" Akaiandika. Eneokazi lote likaondoka. Kosa la kifurushi halikuwa lake, lakini onyo lilikuwepo. Wewe unayetaka VLC, ukiona orodha hiyo ina ubuntu-desktop (eneokazi) au gdm3 (skrini ya kuingilia), bonyeza n.

Kama ulishabonyeza Y, usikimbilie kuanza upya na flashi ya usakinishaji. Fungua /var/log/apt/history.log, ukiwa kwenye skrini nyeusi basi Ctrl+Alt+F3 na ingia kwa jina lako. Tafuta Start-Date ya saa ile. Chini yake Commandline ni amri uliyotoa, na Remove ni kila kilichoondoka. Majina hayo yarudishe kwa sudo apt install, ukianza na ubuntu-desktop, ambayo peke yake huvuta mengi ya yaliyobaki.