Anakula akashiba, mbona damu haipandi?

Ndugu yangu wa Chake Chake, hapa Pemba, umeuliza inakuwaje mkeo mwenye mimba ya miezi mitano anakula wali, samaki na muhogo wa nazi mpaka anabakisha, halafu kliniki wanasema damu ndogo. Mimi yamenikuta hayo hayo, Wete, kwa mimba yangu ya pili.

Skuli tulikaririshwa vyakula vya kutia nguvu, kujenga mwili na kulinda mwili. Si uongo, ila mtu huishia kuhesabu sahani. Mie nagawa kwa kipimo. Wanga, protini na mafuta mwili unavitaka kwa wingi, na vikikosekana macho yanaona: mtoto anakonda, au anavimba miguu na nywele zinageuka rangi, ndiyo kwashakoo. Vitamini na madini hutakiwa chembe tu, na upungufu wake hujificha nyuma ya tumbo lililoshiba. Chuma chote cha mwili wa mtu mzima ni kama gramu 4, hakijazi hata kijiko cha chai. Kikipungua hicho, damu nayo hupungua, na wali hausaidii.

Mimi nilikuwa nikitoka kisimani napumua kama nimefukuzwa. Na udongo! Nilikuwa nakwangua ukuta wa jiko la mama mkwe, ule unaonukia mvua ikinyesha. (Huko bara udongo wa kula wanauita pemba, sijui tukasirike au tucheke.) Hamu hiyo mara nyingi hufuatana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kukizuia kisifyonzwe. Nilipopimwa wingi wa damu ikaja gramu 8.2 kwa desilita, na mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11.

Nikapewa vidonge vya damu, yaani vya chuma. Mwezi mzima nameza, haipandi, na mmoja pale kliniki akanigombeza kuwa navitupa. Nesi mmoja mtu mzima ndiye aliyeniuliza, "Unavimeza na nini, mwanangu?" Na chai ya rangi, kila asubuhi. Akaguna. Chai hukishika chuma tumboni kisiingie kwenye damu. Nikahamishia vidonge usiku, kwa maji ya ndimu, maana vitamini C hukisaidia kuingia. Mchicha na kisamvu navyo vikamulie ndimu, kwani chuma cha majani ni kizito kufyonzwa kuliko cha nyama na samaki. Choo kikiwa cheusi asitishike, ni vidonge.

Aulizie na dawa ya minyoo, kwa miezi yake anaruhusiwa. Safura huingia kwa nyayo, na sisi shamba twaenda pekupeku, kisha hunyonya damu huko matumboni.

Upungufu mwengine una dalili zake: vitamini A, mtu haoni vizuri magharibi ikiingia, C, fizi zinatoka damu, D, matege, madini joto, rovu.

Ila msichukue vidonge hivyo vya damu mkampa mtoto bila kupimwa. Hapa hapa Pemba watafiti waliwapa watoto wadogo chuma wakati malaria imejaa, wakazidi kuugua vibaya, na mwaka 2003 ikabidi wasimamishe.

Chai mkeo anywe, lakini mbali na kidonge, vipishane muda wa saa mbili hivi. Na kagua kuta za jiko, maana mwenyewe hatakwambia. Mume wangu alijua siku alipoona kishimo nyuma ya mlango.