Maadili shuleni: anzia kwenye foleni ya githeri

Mwalimu mwenzangu, umesema umepewa kipindi cha PPI (kipindi cha malezi ya kidini na maadili) Gredi ya 6 huko Kisumu, na wanafunzi wako wanakariri maadili ya mtaala bila kukosea, kisha wanaibiana kalamu kabla kengele haijalia. Sishangai. Upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii, uadilifu: mtoto huyameza kama jedwali la kuzidisha.

Mimi nafundisha Nakuru, upande wa Kaptembwa. Darasani mna Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waluo na Wakisii, na baada ya ghasia za kikabila zilizotukuta uchaguzi wa 2007 ulipokwisha, hakuna mzazi huku anayehitaji kuelezwa uzito wa umoja. Ila hotuba za umoja gwarideni sijaona zikibadilisha mtoto. Githeri, yale mahindi na maharagwe ya mchana, imebadilisha.

Kwetu chakula cha mchana hugawiwa na wanafunzi wenyewe kwa zamu, na sharti ni moja: anayeshika upawa huchukua sahani ya mwisho. Ukimjazia rafiki yako maharagwe, utabaki na mahindi matupu, na kila mtu atakuona. Kila zamu wanagawa wawili, na wawili hao nawapanga mimi. Wakijipanga wenyewe watafuata mtaa na lugha ya nyumbani. Wanazozana sana mwanzoni. Waache. Siku moja walibishana kama aliyekuja bila kunywa chai apewe zaidi, au haki ni kila mtu kipimo kile kile. Sikuwapa jibu. Waliamua mabaki yawekwe kando, mwenye njaa ajiongezee bila kuulizwa kitu. Kesho yake ndipo nikaandika ubaoni “haki ya kijamii”, na hakuna aliyehitaji maelezo marefu.

Kuhusu kalamu: viboko vimepigwa marufuku tangu 2001, ingawa wapo wenzetu wanaoapa kwamba bila kiboko hakuna adabu. Aliyechapwa kwa wizi hujifunza kuficha. Mwambie airudishe kwa mkono wake kwa mwenyewe, pembeni, bila darasa zima kutazama.

Miradi ya huduma kwa jamii ni mizuri, ila mingi huishia kuwa siku ya kupiga picha na mifagio mipya. Na kama kuna mwalimu anayewanong'onezea wanafunzi majibu ya KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, ili shule ing'ae, hicho kipindi cha PPI ni bora mkitumie kwa hesabu.

Ikiwa shule yenu haipiki, tumia vitabu. Pale watoto watatu wanapotumia kitabu kimoja, swali la nani akibebe nyumbani usiku linatosha kwa muhula mzima. Waandike ratiba wao, waibandike ukutani, na anayedai ameonewa alete malalamiko yake mbele ya wenzake wawili kabla hajaja kwako. Wiki ya mtihani ndiyo itakayoleta kelele, usikimbilie kuingilia.