Mafia bila kampuni ya utalii: jibu kwa aliyeuliza kuhusu likizo na mkewe

Ndugu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama wewe na mkeo mnaweza kwenda kisiwa cha Mafia likizo hii bila kulipia safari iliyopangwa na kampuni. Pili, kama ni kweli ulivyoambiwa kwamba watu wa visiwani hawamchangamkii mgeni kutoka bara. La kwanza, ndiyo, mnaweza. La pili nalikataa, na ndilo lililonifanya niandike kirefu, kwa sababu karibu kila nilichokipenda Mafia nilioneshwa na mtu ambaye asubuhi yake sikuwa namjua.

Mimi ni mtu wa bara, nilikwenda na mke wangu kama unavyotaka kwenda wewe. Magari ya kwenda Nyamisati, bandari ya bara inakoondokea boti ya Mafia, mtayapata Mbagala Rangi Tatu, Dar. Pale Nyamisati boti inapita kwanza katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, kisha inatoka bahari kuu, na baada ya kama saa nne mnaiona Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Ndege ndogo kutoka Dar ni fupi zaidi, chini ya saa moja, lakini kwa swali lako la pili nakushauri boti. Ndani ya boti wamo wenyeji wanaorudi na magodoro, ndoo, mafuta ya kula na watoto. Mama mmoja aliyekaa jirani yetu alifungua kikapu, akatumegea mkate wa kumimina, ndipo akauliza, "Mnafikia kwa nani?" Hakuuliza hoteli gani. Tukamwambia ukweli kwamba hatuna mwenyeji. Akasema, "Basi sasa mnaye," akampigia simu mwana wa dada yake, dereva wa bajaji, na tulipotia nanga kijana alikuwa gatini anatungoja.

Kwa hiyo mkiulizwa swali hilo, msijifanye mna mwenyeji. Semeni hamna.

Watu wengi wanakwenda Mafia kwa ajili ya papa potwe, na hata mimi nilikwenda hivyo. Msimu wake ni kati ya Oktoba na Februari, anapofuata uduvi karibu kabisa na Kilindoni, hamhitaji kwenda mbali. Ni samaki mkubwa sana, na hana haja na mtu. Kaeni mbali naye kidogo, msimguse, msikubali nahodha amzungushie boti ili mpate picha. Manahodha wazuri hawakubali hata mkiwasihi. Nimeridhika kumwona, lakini kwangu mimi Mafia yenyewe iko upande wa pili, kwenye ghuba ya Chole. Makampuni mengi huwapitisha wageni huko haraka haraka, na hilo linanisikitisha.

Kutoka Kilindoni kwenda Utende, kijiji kilicho kwenye ghuba hiyo, ni kama kilomita 15. Njiani mtakuta geti la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Hapo mnalipa kiingilio, na Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, bebeni vitambulisho. Ufukweni Utende kuna mashua za kuvuka kwenda Chole ambazo wenyeji wenyewe wanapanda. Pandeni hizo.

Chole ni kisiwa kidogo, mnakizunguka kwa miguu. Wajerumani walikifanya makao yao makuu ya Mafia kabla ya kuhamia Kilindoni, na magofu ya majengo yao sasa yamekumbatiwa na mizizi ya miti mpaka hujui ukuta unaishia wapi. Popo wakubwa wanalala mchana wakining'inia kwenye miti, na jioni wanaondoka kwa makundi kwenda kutafuta matunda. Jamaa zao wako Comoro. Mtoto wa shule alitupeleka penye miti yao bila kuombwa, akatuonya tusipige kelele, maana wakishtuliwa mchana wanahangaika.

Tulipokaa zaidi ni penye mafundi wa jahazi. Nilidhani watatufukuza, watu wako kazini. Nikasema "Shikamooni wazee, kazi zenu," wakaitikia, mmoja akasogeza gogo tukae. Jahazi lilikuwa limeshapigwa mataruma, yaani mbavu zake, na mbao za ubavuni karibu zimekamilika. Kijana alikuwa anatoboa kwa keekee, kile chombo cha kutobolea kinachozungushwa kwa kamba na upinde, na mzee anachonga kwa tezo. Hakukuwa na karatasi ya mchoro, umbo lote analo mzee machoni. Akanieleza kalafati, jinsi pamba inavyolowekwa mafuta na kugongewa kwenye kila mwanya wa mbao ili maji yasipite, akampa mke wangu nyundo agonge kidogo. Alipogonga pasipofaa wakamwelekeza kwa upole, kama binti yao. Tuliondoka adhuhuri kwa sababu wao walikuwa wanakwenda msikitini, la sivyo tungebaki.

Kisha nendeni kisiwa jirani cha Juani, mkaone magofu ya Kua. Huu ulikuwa mji wa mawe wenye misikiti na jumba la mtawala, na mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walivuka kutoka Madagaska kwa mitumbwi, wakaupiga na kuchukua watu wake utumwani. Leo ni kuta na mibuyu. Kwenda peke yenu mtaona mawe tu. Sisi tulimpata mzee wa kijijini, baada ya nahodha wetu kutupeleka kwake kupiga hodi kwanza, na yeye akatutembeza taratibu akisimulia kisa cha Kua na Kisimani, mji wa upande wa magharibi wa Mafia ambao sehemu yake kubwa imeliwa na bahari.

Wanasema watu wa Kisimani waliunda chombo, wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu ya kukishusha. Wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, chombo kikapitishwa juu yao kwenda majini. Kua hawakusema neno. Ikapita miaka, uchungu ukaonekana umepoa, wakawaalika watu wa Kisimani harusini. Wageni wakateremshwa kwenye chumba cha chini ya nyumba kwa ajili ya sherehe, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukazibwa kwa mawe wageni wakiwa ndani. Mzee alisimulia akiwa ameshika ukuta kwa kiganja. Mke wangu alimuuliza kama anaamini. Akamjibu, "Mwanangu, mimi nimeambiwa na babu yangu, naye hakuwa mtu wa mzaha."

Sasa kuhusu malipo, kwa sababu najua utauliza. Ukarimu haununuliwi, lakini kazi inalipwa. Nahodha, dereva na anayewatembeza magofuni, pataneni bei kabla hamjaondoka na mlipe taslimu, noti ndogo ndogo. Aliyewapa mkate au dafu msimtolee pesa mkononi, mtamvunjia heshima. Sisi tulimpelekea yule mama sukari na majani ya chai nyumbani kwake, akafurahi, na tukaondoka na pweza wa kukaushwa ambaye hatukumwomba.

Mavazi: ufukweni penye hoteli vaeni mnavyopenda, kijijini mkeo ajifunge kanga na wewe usitembee kifua wazi. Picha ya mtu ombeni kwanza, hasa akina mama wanaochokoa pweza maji yakitoka. Mkienda Ramadhani, mchana migahawa mingi imefungwa, ila mtaalikwa futari, hilo sina shaka nalo.

Epukeni masika, Machi mwishoni hadi Mei, njia zinaharibika na bahari si nzuri. Ratiba ya boti ya Nyamisati ulizieni siku moja kabla. Na safari ya Juani msiipange kwa saa ya simu, mwulizeni nahodha maji yanajaa saa ngapi, kwa sababu yakiwa yamekupwa mashua haifiki Kua na mtatembea kwenye tope la mikoko. Ukishajua tarehe zenu andika hapahapa, nitakutumia namba ya yule kijana wa bajaji faragha nikishamwomba ruhusa.